Kinga nyepesi ao kinga nzito? Tupime kwanza



Swali la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Tulilisikia kwenye depo ya koperative moja ya Maniema, siku ya kupokea mavuno. Wanachama walikuwa wameweka makuta kidogo kidogo, msimu kwa msimu, na sasa walitaka kununua baiskeli za kupelekea mazao sokoni. Ao kinga, kama wengi tunavyozoea kusema. Makuta yalitosha baiskeli nne, haikuzidi. Komite ikauliza: tununue za namna gani?

Kijana mmoja akasimama wa kwanza. Alikuwa na baiskeli ya mitumba iliyotoka Ulaya, yenye kadre ya aluminiamu na mapine manene. Akainyanyua kwa mkono mmoja mbele ya watu wote.

"Munaona? Hii iko mwepesi. Ile ya papa, kuinyanyua tu mugongo unaisha. Tununue sawa hii, tuache kuteseka bure mu milima."

Papa aliyetajwa akacheka. Ni mtu aliyesukuma mafuta ya mawese njiani miaka mingi.

"Mwana wangu, sisi hatubebe kinga. Kinga njo inatubebea."

Kelele ikaanza. Wengine upande wa kijana, wengine upande wa papa. Mwishoni mama mweka-sanduku wa koperative akapiga meza.

"Balansi ile pale inaning'inia. Juu ya nini tunabishana? Mupime!"

Wakapima. Baiskeli ya papa, ile ya chuma ya mtindo wa zamani: kilo 21. Baiskeli ya kijana: kilo 15. Kijana akainua mikono juu kama mtu aliyeshinda mechi. Lakini mechi ilikuwa bado, na mambo yaliyofuata siku ile tunapenda kuwaletea ninyi nyote, kwa sababu koperative nyingi zinajiuliza swali hilo hilo.

Baiskeli mbalimbali zinapima nini

Tuanze na nyepesi kuliko zote. Baiskeli za mashindano, zile zinazokimbia Tour de France, zimetengenezwa kwa kaboni. Zinaweza kuwa nyepesi sana, mpaka shirikisho la dunia la mchezo huo liliweka sheria kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6 na gramu 800. Sheria hiyo ni ya tangu mwaka 2000. Ni uzito wa kuku wachache tu. Lakini baiskeli ile inabeba mtu mmoja mwembamba na chupa zake za maji, kwenye barabara ya lami, na nyuma yake kuna gari lenye fundi na magurudumu ya kubadilisha. Sisi hatuna gari la nyuma.

Baiskeli za mitumba za mapine manene zinapima mara nyingi kilo 13 mpaka 16.

Baiskeli za chuma za mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambazo Uhindi na China zimeendelea kutengeneza mpaka leo, sawa vile Hero na Phoenix, zinazunguka kilo 20 hivi. Zikifungwa vibebeo vya nguvu zinapita hapo.

Kuna pia baiskeli inayoitwa Buffalo, inayotumika Zambia, Malawi, Kenya na kwengine. Ilibuniwa makusudi kwa njia za vijiji vya Afrika, na kibebeo chake cha nyuma kimetengenezwa kwa mzigo wa kilo 100. Yenyewe inapita kilo 20. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Watu waliokaa chini kutafuta baiskeli bora kwa mkulima hawakutoa baiskeli nyepesi. Walitoa nzito, na walijua sababu.

Kipande kwa kipande

Uzito wa baiskeli umekaa wapi? Kwa baiskeli ya chuma ya kilo 21, hesabu ya kukadiria ni hii:

- kadre na uma wa mbele: kilo 5
- magurudumu mawili pamoja na pine na mipira ya ndani: kilo 6
- gido na freni zake za vyuma: kilo 2
- mikono ya pedali, pedali na sheni: kilo 2 na nusu
- kiti chenye springi: kilo 1 na nusu
- porbagaji, kile kibebeo cha nyuma: kilo 1 na nusu
- mguu wa kusimamishia: kilo 1
- vizuia-matope na bati la kufunika sheni: kilo 1 na nusu

Papa alikuwa anaitazama baiskeli ya kijana, anaizunguka pole pole. Kisha akauliza: "Na porbagaji iko wapi?"

Haikuwepo. Mguu wa kusimamishia haukuwepo pia, wala vizuia-matope. Mizani ilikuwa imelinganisha mtu aliyevaa koti na viatu na mtu aliyetoka kuoga.

Wandugu, hapa ndipo watu wengi wanadanganyika sokoni. Muuzaji anakunyanyulia baiskeli tupu, unasema: iko mwepesi! Lakini huwezi kufunga gunia bila porbagaji, na huwezi kupakia peke yako bila mguu wa kusimamishia. Ongeza kilo 1 na nusu ya porbagaji, ongeza kilo 1 ya mguu. Ile kilo 15 imekuwa kilo 17 na nusu. Tofauti haiko tena kilo 6. Ni kilo 3 na nusu.

Kilo 3 na nusu ni kitu gani?

Mama mweka-sanduku hakuwa amemaliza. Akaomba watundike gunia la mihogo mibichi lililokuwa pembeni. Kilo 90.

Tufanye hesabu pamoja. Mtu wa kilo 60, baiskeli ya chuma ya kilo 21, gunia la kilo 90: jumla kilo 171. Mtu yule yule na gunia lile lile, lakini kwa baiskeli nyepesi iliyofungwa vibebeo vyake: kilo 167 na nusu. Kwa kila kilo 100 unazopandisha mlimani, umepunguza kilo 2. Magoti yako hayatasikia tofauti. Mkungu wa ndizi unaoongeza njiani kwa kumpelekea shemeji unamaliza faida yote.

Baiskeli, kwenye safari ya mazao, ni sehemu ndogo ya uzito. Mzigo njo mzito. Kwa hiyo maswali ya kweli ni mawili: baiskeli itavumilia mzigo huo mpaka mwisho wa safari? Na mzigo wenyewe, wote ni chakula?

Gurudumu la nyuma

Juu ya swali la kwanza, mwanachama mmoja alisimama akaeleza yaliyompata. Alikuwa amenunua baiskeli nyepesi ya aluminiamu, akaifungia porbagaji na kupakia mihogo mibichi. Kwenye mteremko rayo za gurudumu la nyuma, zile njiti za chuma, zikakatika moja, mbili, tatu. Janti ikapinda sawa chipsi ya ndizi. Alipotaka kuigeuza baiskeli, akaona kadre nayo imepasuka karibu na gurudumu. Alilala njiani siku mbili. Fundi wa kijiji cha karibu anajua kuchomelea chuma, lakini aluminiamu inahitaji mashine nyingine na ujuzi mwingine. Mihogo mibichi haingoji: siku mbili ao tatu kisha kung'olewa inaanza kuwa na mistari myeusi ndani. Alipofika sokoni, wanunuzi walikata, wakatazama, wakaenda zao.

"Nilirudi na kinga ku bega na deni ku kichwa," alisema. Hakuna aliyecheka.

Mzigo ukiwa kwenye porbagaji, karibu wote unalala juu ya gurudumu la nyuma. Njo maana baiskeli nyingi za mtindo wa zamani zina rayo 32 mbele na 40 nyuma. Kiwanda kilijua ni wapi mzigo utakaa. Baiskeli nyingi za mitumba zina 36 ao 32, mbele na nyuma sawasawa, kwa sababu zilitengenezwa kubeba mtu tu.

Na hapa kuna habari nzuri. Kutia nguvu gurudumu hakuongezi uzito mwingi. Rayo moja ya kawaida ni gramu 7 hivi. Ukiweka rayo nene kidogo kwenye gurudumu lote la nyuma, rayo zote 40 pamoja zinaongeza karibu gramu 100 tu. Ni kama chumvi ya mkononi. Lakini gurudumu litakaa miezi mingi zaidi. Mwulize fundi kwanza kama matundu ya kitovu cha gurudumu yanapitisha rayo nene, na umwombe azikaze zote kwa nguvu moja. Rayo moja ikilegea, jirani zake zinabeba kazi yake, na zenyewe zinakatika.

Chuma ni kizito karibu mara tatu kuliko aluminiamu ya ukubwa ule ule, hiyo ni kweli. Lakini chuma kikipinda kinanyooshwa, na kikipasuka kinachomelewa karibu kila mahali penye jenereta. Kilo zile chache za zaidi ni bei ya kuweza kutengenezewa baiskeli kijijini.

Wala sisi si watu wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 1954, kwenye vita vya Dien Bien Phu nchini Vietnam, watu maelfu walisukuma mchele kwa baiskeli katika milima, kila baiskeli ikibeba kilo 200 na zaidi. Hawakutafuta baiskeli nyepesi. Walitia kadre nguvu kwa miti na vyuma, wakafunga fimbo kwenye gido ya kuongozea na nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia. Wanaosukuma kinga kwetu wanaijua fimbo hiyo bila kufundishwa na mtu.

Uzito wa kuondoa ni huu

Sasa swali la pili. Turudi kwenye lile gunia la kilo 90. Ndani yake kuna nini? Mihogo mibichi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 100 ya mihogo mibichi, ukiisha kuimenya na kuikausha vizuri, inabaki karibu kilo 30. Maana yake lile gunia la kilo 90, likikauka, linabaki karibu kilo 27. Umeondoa kilo 63 kwenye baiskeli! Kijana alikuwa anatafuta kilo 3 na nusu.

Kwa maneno mengine, baiskeli ile ile, kwa safari moja, inapeleka mavuno ambayo zamani ingepeleka kwa safari tatu. Na mihogo mikavu haiogopi siku mbili za njiani, mradi isinyeshewe.

Mazao mengine nayo yana uzito wa bure:

- Karanga zenye maganda: kilo 100 inatoa karibu kilo 70 ya karanga zenyewe. Kilo 30 ni maganda.
- Mahindi yaliyomenywa lakini bado kwenye magunzi: karibu sehemu moja ya tano ya uzito ni gunzi.
- Mpunga: kilo 100 inatoa kilo 60 mpaka 65 ya mchele. Yanayobaki ni maganda na pumba, na pumba ingelisha kuku na nguruwe wenu nyumbani.

Mafuta ya mawese hayana cha kupunguza. Bidoni ya litre 20 ni karibu kilo 18 ya mafuta, na bidoni yenyewe karibu kilo 1. Bidoni tano ni kilo 95. Kwa mafuta, faida iko katika gurudumu la nguvu na bidoni zisizovuja.

Angalisho mbili. Mihogo michungu lazima ilowekwe siku za kutosha kabla ya kukauka, ili sumu itoke. Kukausha peke yake kwa haraka hakutoshi. Na usibanjue karanga mapema mno kabla ya kuuza: zikiisha kutoka maganda, wadudu na unyevu vinaziingia kwa upesi. Karanga ao mihogo yenye ukungu isiuzwe, wala isiliwe nyumbani, maana ukungu unaweza kuleta sumu.

Ukitaka kupunguza kwenye baiskeli

Kuna vitu vinavyoweza kutoka bila hasara: bati la kufunika sheni lililokwisha kupinda, dinamo na taa zisizowaka tena, kizuia-matope cha mbele kinachojaza udongo wakati wa mvua. Wale wanaosukuma tu, bila kupanda, wengine wanatoa pedali ili zisiwapige miguuni.

Kuna vitu visivyotoka kamwe: freni, mguu wa kusimamishia, na vyuma vinavyoshika porbagaji kwenye ekseli ya nyuma. Porbagaji iliyofungwa kwenye nguzo ya kiti tu, bila miguu ya kushuka mpaka kwenye ekseli, haifai kwa gunia.

Na kuna kitu cha bure kabisa: upepo. Pine laini inafanya baiskeli iwe nzito kuliko kilo 3 na nusu yoyote, na inaharibu janti kwenye mawe. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa pine. Pompi moja ya koperative, yenye kuwekwa depo, itawasaidia wote.

Mlima wa kushuka

Kupanda, mzigo unakuchosha. Kushuka, mzigo unaweza kukuua. Freni za vyuma kwenye janti iliyolowa zinashika vibaya. Baiskeli ya kilo 21 na mzigo wa kilo 90 ikianza kukimbia, mtu mmoja hawezi kuizuia. Kwa hiyo: shuka chini, usiteremke ukiwa umekaa juu. Mnapokuwa wawili, mmoja ashike gido, mwingine avute kamba iliyofungwa nyuma. Pakia vizito chini, karibu na gurudumu, na ulinganishe kushoto na kuume. Mvua ikinyesha, ngoja. Soko litakuwepo kesho, na wewe pia unapaswa kuwepo.

Pima kabla ya kutoka

Jambo la mwisho ambalo ile mizani ilitufundisha. Kabla ya siku ile, wanachama wengi walikuwa wanauza "gunia" ao "kinga moja", pasipo kujua kilo. Mnunuzi njo alikuwa anajua, maana yeye ana mizani. Ukipima depo na kuandika kwenye karatasi, unaenda sokoni na neno mkononi. Mizani ya mnunuzi ikisema kilo 70 na karatasi yako inasema 80, mnaanza kuzungumza sawasawa.

Walichoamua

Hawakununua baiskeli nne. Walinunua tatu za chuma. Makuta ya ile ya nne yalinunua rayo nene na porbagaji za nguvu kwa hizo tatu, pompi moja, na mabashi ya kukaushia mihogo. Na baiskeli ya kijana? Hiyo inafanya kazi yake vizuri: inaenda mbele kuuliza bei za soko kabla mzigo haujatoka, inapeleka ujumbe, inamfikisha mgonjwa kituo cha afya. Kwa mtu bila mzigo, nyepesi ni nzuri. Papa mwenyewe aliiomba siku moja.

Kwenye mkutano wenu ujao, ombeni komite iwaulize wanachama maswali haya manne, na karani ayaandike:

1. Mzigo wetu wa kawaida kwa baiskeli moja ni kilo ngapi? Tumewahi kuupima?
2. Kati ya kilo hizo, ngapi ni maji, maganda ao magunzi?
3. Ni kipande gani cha baiskeli kinachovunjika mara nyingi, na fundi gani wa karibu anaweza kukitengeneza?
4. Makuta tuliyonayo yatatusaidia zaidi kwenye baiskeli mpya, kwenye magurudumu ya baiskeli tulizo nazo, ao kwenye mabashi ya kukaushia?

Mkiisha kupima, mtuletee namba zenu kupitia animatere wenu. Tutazichapisha hapa ili koperative nyingine zijifunze.

Kazi njema, na safari njema.